Wageni kwa Zamu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na viatu vya kanisani. Nilikuwa nimeambiwa kazi ni ya kupanga mafaili ya wasafiri, nami nikavaa kama mtu wa ofisi: gauni la buluu, koti zito, viatu vya kisigino kifupi. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani mtaa wa Danforth hapa Toronto, na ngazi zake zilikuwa nyembamba, zimesimama wima. Mkurugenzi, mzee mwenye ndevu nyeupe aliyeianzisha kampuni ile mwenyewe, akanipokea mlangoni, akanikabidhi begi la mgongoni lililojaa mawe, akaniambia nishuke mpaka chini nipande tena, mara tano. Sikuuliza kwa nini. Nilikuwa nimetoka kuogesha wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia kwa miaka minne, mgongo umekwisha, na nilikuwa tayari kubeba hata mlango wa ofisi ilimradi nisirudi kule.

Nilipofika juu mara ya tano, viatu mkononi, akaniuliza kama nimewahi kupanda Kilimanjaro. Nikamwambia hapana, mimi ni Mpare wa Usangi, milima yetu ni mingine, na sisi hatuipandi kwa kujifurahisha, tunaishi juu yake. Alicheka mpaka akakaa.

"Basi ni wewe niliyekuwa nakutafuta," akasema. "Wote wanaokuja hapa wanapanda milima. Sijapata hata mmoja anayeishi huko."

Ninaandika haya kwa sababu vijana wa kanisani kwetu hapa Regent Park, wengi wao watoto wa Wakongo na Warundi, baadhi wakisomea utalii, wakinisikia nataja Himalaya wanadhani uzee umeanza kunichezea. Wananiuliza kwa Kiingereza, bibi, kule ulikuwa unafanya nini? Nilikuwa napeleka watu. Miaka ishirini na miwili nilitoa watu Toronto, walimu, madaktari wa meno, wajane waliochoka kukaa peke yao, nikawapeleka Ladakh, kaskazini kabisa mwa India. Ni nchi ya milima mikavu isiyo na miti, yenye monasteri za Wabuddha juu ya majabali, na vijiji ambako msafiri hulala nyumbani kwa watu, akala wanachokula. Kazi hiyo niliipenda kuliko kitu chochote nilichofanya katika nchi hii, na ndani ya kazi hiyohiyo nilimtendea mtu ubaya. Nitayasema yote mawili.

Aliyenifundisha alikuwa Meneja wa Safari, Bi Shirin, Mwismailia mzaliwa wa Mwanza, mkazi wa Unionville. Kila Jumatatu alikuja na bajia za nyumbani kwenye kopo la biskuti, na alipenda kunisema kwa Kiswahili mbele ya wafanyakazi wengine ili wasijue nimekosea nini. Kwa hilo namshukuru mpaka leo. Alikuwa mkali. Ukikosea herufi moja ya jina kwenye tiketi alikurudishia faili lote, uanze upya, wala hakukuangalia usoni.

Kazi yenyewe ilianza miezi mitano kabla ya safari. Kila msafiri alikuwa na faili: dawa anazomeza, magoti yake, kama anakoroma, nani apigiwe simu akifa. Msidhani natania, swali hilo lilikuwepo. Mji tunaotua uko juu kuliko kilele chochote cha Upare, na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo siku mbili za kwanza ni za kulala na kunywa maji tu. Hiyo tuliita kuzoesha mwili. Asubuhi na jioni nilipita na kile kidude cha kubana kidoleni kinachopima hewa iliyomo kwenye damu, nikaandika kwenye daftari. Wabishi walikuwepo kila msafara, hasa wanaume wanaokimbia mbio ndefu, na ndio waliokuwa wa kwanza kutapika.

Misimu mitatu nilikuwa mshika mkia, yaani yule anayetembea nyuma kabisa ili asibaki mtu njiani. Ni mahali pazuri pa kujifunzia, maana nyuma ndiko watu wanakosema kweli. Kisha nikawa kiongozi wa msafara, nikifanya kazi na Stanzin, mwongoza njia wa kulekule, mtu mpole mwenye miguu ya mbuzi, aliyekuwa mdomo wangu na masikio yangu. Tulifundisha watu adabu za monasteri: vua viatu, usielekeze nyayo zako kwa watawa, zunguka ukiacha kitakatifu upande wako wa kulia, usipige picha wakati wa sala. Na tuliwafundisha adabu ya nyumbani, ambayo ndiyo iliyokuja kuniponza. Kule, ukiletewa chai, unakataa kwanza. Mwenyeji anakusihi, unakataa tena. Anakusihi, na mara ya tatu ndipo unapokea. Zawadi ni hivyohivyo. Anayepokea mara ya kwanza anaonekana mroho. Wasafiri wangu walicheka sana, wakafanya mazoezi kwenye gari, wakikataliana biskuti.

Kwenye vijiji Bi Shirin alikuwa na sheria moja, na hakuivunja hata siku moja. Hatuchagui nyumba. Tunamwandikia mzee wa kijiji kwamba tunakuja watu wanane, yeye anatugawa. Mwanzoni sikuelewa kwa nini tusilale kwenye nyumba nzuri tukaziacha zenye moshi. Aliniambia neno ambalo wengi mngelikataa kwenye semina zenu za utalii.

"Namkunda, mgeni si mfalme. Mgeni ni mzigo, na wenye kijiji ndio wanaojua nani aubebe lini."

Tulipofika kwenye kijiji kile, ambacho jina lake nitalihifadhi, nikaona kwa macho yangu. Mzee aligawa wageni, pamoja na malipo yao, kwa zamu kufuata mfereji wa maji. Nyumba iliyo juu kabisa kwenye mfereji huanza, kisha inayofuata, wawili wawili, hadi chini. Msimu ukiisha katikati, mwaka unaofuata wanaanzia palipoishia. Nilicheka mwenyewe pale uwanjani. Sisi Usangi tuna ndiva, bwawa la kukusanyia maji ya mfereji, na kila shamba lina siku yake ya kufunguliwa. Baba yangu alikuwa mgawa maji. Nimekulia katika nyumba ambayo watu walikuja kugombana alfajiri kwa sababu mtu fulani amechelewa kufunga maji yake, na nilimsikia baba akisema kwamba maji hayajawahi kumwua mtu pale kwetu, lakini zamu imewaua wengi. Nilimwomba Stanzin amweleze mzee wa kijiji habari za baba. Mzee alinishika mikono yote miwili, na kuanzia siku hiyo akawa ananiita mtoto wake.

Sasa niwaambie kuhusu Ama-le Dolma. Ama-le ni kama kusema mama, kwa heshima. Alikuwa rika langu, mfupi, mwenye meno mawili ya mbele yaliyoachana na ulimi mwepesi kuliko wangu. Nyumba yake ilikuwa ya nne kwenye mfereji. Jiko lake kubwa la chuma lilikuwa katikati ya chumba, vyombo vya shaba vimepangwa ukutani vinang'aa, na dirisha lake, lililopakwa rangi ya buluu, lilitazama moja kwa moja monasteri iliyo ng'ambo ya bonde. Mumewe, Tsering, alikuwa kiziwi kidogo na mtaratibu, kazi yake jioni ilikuwa kuchanganya chai ya chumvi na siagi kwa kuisukuma ndani ya pipa refu jembamba. Mimi na Ama-le hatukuwa na lugha moja, ila tulikuwa na jiko moja. Alinifundisha kukaanga shayiri, nami nikamfundisha kusonga ugali kwa unga wa shayiri hiyohiyo. Alisema ni chakula cha ng'ombe, na akala.

Wageni waliolala kwake walirudi Toronto wakiimba. Mmoja akaweka picha ya dirisha kwenye intaneti, mwingine akafuata, na mara simu zikaanza kuingia ofisini: tunataka nyumba yenye dirisha la buluu. Bi Shirin akajibu zote jibu moja, kwamba nyumba hupangwa na wenye kijiji. Kisha Mkurugenzi mzee akauza kampuni akaenda kulea wajukuu, na Bi Shirin naye akastaafu mwaka uleule. Siku ya mwisho aliniachia kiti chake na kopo la biskuti, akaniambia wakiniletea karatasi ya kusaini nisisaini siku hiyohiyo.

Mkurugenzi mpya alikuwa kijana nadhifu aliyewahi kuuza simu. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa anasoma maoni ya wateja na kuhesabu nyota zao tu, basi. Akaniita mezani kwake wiki ya pili.

"Watu wanataka dirisha la buluu," akasema. "Kwa nini tunawapa kitu kingine?"

Nilimweleza habari za zamu. Akasikiliza vizuri, akaniuliza kama kuna sheria ya serikali. Nikasema hakuna. Akanisogezea karatasi ya mpango mpya, wageni wote kwa Ama-le, na nikasaini hapohapo. Nilikuwa Meneja wa Safari wa wiki mbili, mwanamke wa Usangi mwenye kiti cha kuzunguka, na nilikiogopa kile kiti kuliko nilivyomheshimu baba yangu. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Stanzin hakufurahi. Aliniambia kwenye simu kwamba mzee wa kijiji hatasema lolote, na kwamba hapo ndipo pa kuogopa. Nikamjibu, "Stanzin, hawa ni wageni tu, si maji." Sikio la kufa halisikii dawa. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu mwenyewe, mtoto wa mgawa maji.

Kiangazi hicho tukafika kijijini watu wanane. Ama-le alitoka akasimama mlangoni, akatukaribisha, kisha akasema kupitia kwa Stanzin kwamba mwaka huu zamu inaanzia nyumba ya saba. Nikatabasamu. Nikasema hapana, mama, wageni wamekuja kwa ajili yako. Akasema tena, nyumba ya saba wamepika tayari, nendeni huko. Nikamshika bega, nikamsihi. Akasema mara ya tatu, sauti imeshuka, akiangalia chini kwenye njia ambako majirani walikuwa wanapita na punda. Nami nikageuka kwa wasafiri wangu, nikawaambia kwa fahari, mnaona, hii ndiyo adabu niliyowafundisha, mara tatu, sasa ingizeni mabegi. Wakapiga makofi. Ama-le akasogea pembeni ya mlango.

Misimu mitatu tukafanya hivyo. Kila mwaka alikataa, kila mwaka nikacheka nikaingiza mabegi. Niliona kwamba majirani hawaingii tena jioni kunywa chai, nikadhani wanawapisha wageni. Niliona shamba lake la shayiri limenyauka upande mmoja, nikadhani ni ukame. Kimya kina mshindo mkuu, na mimi niliishi ndani yake nikapiga picha.

Mwaka wa nne tulipofika, Tsering hakuwepo. Amefariki majira ya baridi, Stanzin aliniambia njiani, lakini mengine aliyaficha mpaka nilipomlazimisha. Kule kila nyumba ina nyumba wenzake tano sita, zilizofungamana tangu mababu. Mtu akifa, wenye msiba hawagusi kitu. Nyumba wenzao ndio wanaokuja kupika, kukusanya kuni za kuchomea maiti, na kumbeba. Desturi hiyo si yao peke yao. Usangi ni hivyo, na ninyi mnajua hata hapa Toronto ni hivyo. Mrundi akifiwa hapa ghorofani, kabla hajalia vizuri jikoni kwake kumeshajaa wanawake na masufuria. Mfiwa hapiki.

Kwa Tsering alikuja bibi mmoja na mwanawe mlemavu. Kuni walileta watawa, wakishuka nazo kutoka monasteri kwenye theluji. Na Ama-le Dolma, maiti ya mumewe ikiwa chumba cha pili, alisimama kwenye jiko lake siku zote zile akapika chakula cha msiba wake mwenyewe.

Nilikwenda kwa mzee wa kijiji siku ileile. Alinipa chai. Nikaomba radhi kwa niaba ya kampuni, kisha nikaacha habari za kampuni nikaomba kwa niaba yangu. Nikamwomba amwadhibu mwingine yeyote ila yule mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, mpole vilevile, ila hakuniita tena mtoto wake.

"Hatukumfukuza mtu," akasema. "Siku ile watu walikuwa na kazi zao tu."

Jioni nikakaa na Ama-le jikoni, Stanzin katikati yetu akitafsiri kwa taabu, macho yake kwenye moto. Nilimuuliza Ama-le kwa nini hakunifungia mlango. Akasema mgeni akishafika mlangoni hafungiwi, hata iweje. Nikamwambia ukweli, kwamba nilimsikia akikataa mara tatu na nikadhani ni adabu.

Alikoroga sufuria.

"Ya kwanza ilikuwa adabu," akasema. "Ya pili na ya tatu nilikuwa nakuomba."

Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza.

Niliporudi Toronto nilimwambia Mkurugenzi turudishe zamu au sitapeleka mtu. Nilipandisha sauti kwa mara ya kwanza katika ofisi ile. Akashtuka kweli, yule kijana, akasema hakujua, akasema atalitengeneza. Na namna alivyolitengeneza ni kukifuta kijiji chote kwenye mpango, akatuhamishia kwenye mahema ng'ambo ya bonde ambako hakuna wa kuudhika. Nilikwenda kuziba ufa nikaangusha ukuta. Sasa hakuna nyumba iliyopata wageni, wala ya kwanza wala ya kumi na mbili, na kila mtu alijua imeanzia mlango wa nani. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema. Mimi nilichuma, akala yeye.

Nilimaliza misimu miwili kwenye mahema, nikastaafu. Waliniandalia keki, wakanipa zawadi ya picha kubwa yenye fremu, na picha yenyewe ilikuwa ile nyumba, na dirisha lake. Walidhani wananifurahisha. Nilishukuru, nikaja nayo kwenye tramu nimeigeuzia mgongo watu, na sasa iko uvunguni mwa kitanda.

Mkiniuliza kazi ile inafundisha nini, nitawaambia mengi mazuri, na ni ya kweli. Nimeona profesa mzima akipiga magoti kumwosha miguu mwenziwe aliyepata malengelenge. Nimemwona mjane aliyekaa kwa muda wa saa tatu kwenye ukumbi wa sala bila kuelewa neno, akatoka amepungua mzigo. Kazi ya kupeleka watu si dhambi. Ila ninyi mnaosomea utalii pale chuoni mnafundishwa kumsikiliza anayelipia safari. Sauti yake ni kubwa, mtaisikia tu, haihitaji shule. Anayekupokea ndiye mwenye sauti ndogo. Na ukishajua desturi zake kidogo ndipo unapokuwa hatari zaidi, maana mjinga kabisa angeuliza, "Mama, unamaanisha?" Mimi sikuuliza, kwa kuwa nilijiona najua.

Stanzin alinipigia majira haya ya baridi yaliyopita. Nilikuwa namenya viazi. Akasema Ama-le Dolma amefariki wiki mbili zilizopita, kifua tu, hakuteseka. Sikuuliza siku wala saa. Neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Nani alipika?"

Akasema walikuja wote. Nyumba zote za mfereji, za juu na za chini, hata kuni zilibaki. Nikamuuliza imewezekanaje. Akanieleza kwamba baada ya sisi kuondoka, kila msiba uliotokea kijijini Ama-le alikwenda bila kuitwa, akapitia mlango wa nyuma, akaketi chini akaosha masufuria. Hakuna aliyemsemesha, wala aliyemfukuza. Akimaliza anaondoka bila kula. Baridi ya kwanza hivyo, baridi ya pili hivyo. Ya tatu mtu mmoja akampa mwiko.

Nilimshukuru Mungu, kweli nilimshukuru. Kisha nikakaa na kisu mkononi nikaona haya. Miaka ile yote aliyokuwa anaosha masufuria ya watu ili asije akaagwa kama mumewe, mimi nilikuwa hapa na picha yake uvunguni, nikingoja anisamehe, na sikumpigia simu hata mara moja.